Yasini ya Barazani

Hata mbwa! Mwanakhamisi, mpishi wa hoteli ile ya Iringa kwa miaka kumi na mitano, alikuwa akilirudia neno hilo tangu asubuhi. Meneja, Mzungu asiyejua Kiswahili, alikuwa ametundika ubao mpya wa historia ya jengo, na karani Suresh alimsomea. Aliyetoa fedha yumo, aliyeleta piano yumo, na mbwa aliyezikwa bustanini yumo, tena kwa jina lake. Muharami mumewe, fundi mwashi aliyeanguka kutoka jukwaani akafia pale barazani kabla paa halijaezekwa, hayumo.

Kila mwezi wa Shaabani alikuwa akimsomea marehemu wake Yasini nyuma ya jiko, penye kuni, kwa kuwa baraza ilikuwa ya Wazungu. Mwaka huo wa 1953 alisema basi, bora lawama kuliko fedheha. Alivua aproni, akatia udhu, akatandika mkeka barazani mchana kweupe, wageni wakinywa chai, akafukiza ubani.

Meneja alikuja mbio, uso mwekundu kama nyanya. Mwanakhamisi hakumtazama. Alisoma Yasini mpaka mwisho, kisha akainua viganja kumwombea Muharami.

Hapo meneja akatulia, hata akatabasamu. Alidhani anayeombwa ni yeye! Akamnong'oneza Suresh, naye Suresh akainama mkekani.

"Mama, anasema ameona unavyoomba radhi. Amekusamehe, urudi jikoni." Akapunguza sauti. "Nyamaza tu, mama. Kazi yako imepona."

Kazi aliihitaji, asimdanganye mtu. Ndiyo iliyomlelea watoto wanne bila baba. Lakini kunyamaza ilikuwa kumpa meneja dua ya Muharami, na hilo lilimchoma kuliko njaa. Aliitikia amina kwanza, akajipangusa uso.

"Mwambie, Bwana Suresh. Mikono hii sikumwinulia yeye. Nimemwombea aliyejenga hapo anapokanyaga."

Suresh aliinuka kutoka mkekani. Kisha akatafsiri, tena kwa sauti iliyofika mpaka meza ya mwisho. Wageni wakageuka kumtazama meneja.

Meneja alifoka. Safari hii karani hakuhitajika: kesho asionekane.

"Kesho siji," Mwanakhamisi akasema, akikunja mkeka wake bila haraka. "Shaabani ijayo nakuja, na hapa hapa nitakaa."