Mkamburi Avuliwa Ziwa Jipe

Asubuhi ile Thadeus alichomeka mnyoo kwenye ndoana ya mgeni mmoja Mjerumani, akamwonyesha pa kutupa mshipi, kisha akakaa nyuma ya boti kumenya yai. Ulikuwa mwaka wa 1974. Ziwa Jipe lilikuwa limetulia, viboko wakikoroma kwenye matete upande wa Tanzania. Wageni walikuwa wamelala kisiwani, katika mahema ya Bwana Gilbert, nao walikuwa wameahidiwa perege wa kuchoma mchana.

Mshipi ukakaza. Mgeni akavuta, Thadeus akamsaidia, na majini akatoka Mkamburi, mamake Thadeus, ameshika uzi kwa mikono miwili.

"Vuteni polepole," alisema. "Uzi unanikata vidole."

Wakamketisha kati ya kopo la minyoo na kikapu cha chai. Alikuwa amejifunga leso ile ile ya siku waliyohamishwa. Mgeni akampa taulo, halafu akamuuliza Thadeus kama humu ziwani kuna perege pia.

Thadeus alisema wapo. Hakumuuliza mamake alikotoka. Bwana Gilbert alipopewa kisiwa, askari wake walikuja na boti kuwahamisha wenyeji. Mkamburi alikataa kuliacha kaburi la mumewe, wakambeba msobemsobe. Jioni Bwana Gilbert akatangaza kwamba wasioonekana ng'ambo wamehama kwa hiari yao, wamevuka mpaka kwa jamaa zao. Thadeus alimtafuta mamake mpaka Usangi, huko Tanzania. Aliporudi mikono mitupu, kazi iliyokuwapo ni moja tu, kuwaongoza wageni wa Gilbert huyo huyo. Akaichukua, kwa sababu watoto hawashibi hasira.

"Walinisukuma," Mkamburi alisema, akikamua leso. "Nilimwambia yule askari sijui kuogelea. Akasema, basi leo utajua."

Thadeus akaliweka yai chini na kugeuza boti.

Bwana Gilbert alikuwa mbele ya hema la chakula, anakunywa kahawa. Alimtazama Mkamburi toka kichwani hadi miguuni, maji yakimchuruzika.

"Huyu haruhusiwi hapa," alisema. "Kisiwa ni cha wageni."

"Mamangu aliuawa na askari wako!"

"Mbona basi amesimama?"

"Nizikeni kando ya mume wangu," Mkamburi akasema. "Sitaki kingine."

"Hapo tumejenga bafu, mama."

Wakaenda polisi. Koplo Nzioka, mtu mpole, aliwapa benchi, akasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Mama, wewe uko hai ama ni marehemu?"

"Marehemu."

"Marehemu hawezi kuandikisha taarifa. Lete mtu aliyeona."

"Aliyeona ni mimi."

"Ndiyo, na wewe ni marehemu. Na kama uko hai, basi hakuna aliyeuawa." Akamwita mtu aje apanguse maji sakafuni.

Thadeus aliipiga meza ngumi hadi kofia ya koplo ikaanguka. Koplo akaiokota, akaivaa, akasema anaelewa uchungu wake.

Nyumbani Loise, mke wa Thadeus, alimvika mama mkwe wake nguo kavu na kumkalisha karibu na moto. Nguo zikalowa. Akambadilisha tena, zikalowa tena. Mwishowe akachimba mfereji mdogo kutoka kigoda cha Mkamburi mpaka shambani, na migomba ya upande ule ikanawiri.

Siku moja, mchana kweupe, Thadeus alichukua shoka akalipasua boti la kambi mbele ya macho ya kila mtu. Akafungwa. Alipotoka jela alikuta Bwana Gilbert amenunua boti jingine, refu zaidi, na kumwajiri Kiilu kutoka Maungu kuwaongoza wageni.

Kiilu naye alivua. Alimtoa mzee Solomon, mmoja wa waliohamishwa, na bakora yake. Akamtoa Wayua, mtoto amemshika mgongoni. Wageni wengine walilalamika kwamba walikuja kuvua samaki. Bwana Gilbert akaliona lalamiko lao ni la haki, akatoa agizo kwa wote wanaopanda boti: anayenasa mtu amtoe ndoana taratibu, asimjeruhi, amrudishe majini.

Wageni walitii. Walikuwa watu waungwana.

Thadeus alimsindikiza mamake ufuoni, wakasimama penye seng'enge mpya. Boti lilikuwa mbali, sauti zikaja juu ya maji. Mtu akashangilia. Mshipi ukavutwa, kisha maji yakalia chubwi.

"Huyo Wayua," Mkamburi alisema.

Maji yakalia tena, sauti ndogo.

"Na mtoto."

Thadeus aliokota jiwe, akalitupa kwa nguvu zake zote. Halikufika hata nusu ya njia.