Mwalimu Aliyekataza Ziwa

Siku zile za Zaïre, majina ya ubatizo yalipigwa marufuku katika orodha za shule, lakini uani watoto waliendelea kuitana Colombe na Raphaël kana kwamba hakuna serikali. Marufuku ya Mwalimu Cirhuza ndiyo waliyoiogopa. Yeye alikataza ziwa.

Na ziwa lenyewe lilikuwa pale pale, chini ya madirisha ya shule yao ya msingi mtaani Nguba, linameremeta tangu asubuhi. Jamani, Bukavu ilikuwa nzuri! Jua la mchana likiwaka, nani angemlaumu mtoto? Ila Ziwa Kivu halina upole: unaingia unacheka, mara chini imekwisha. Kwa hiyo kila alasiri, watoto wakirudi kutoka kula, mwalimu aliwapanga mlangoni akakwaruza kila mkono kwa ukucha. Ngozi iliyotoka kuoga ziwani hukauka, na ukiikwaruza hutoa mstari mweupe. Mwenye mstari alikula fimbo, alie asilie.

Wengi walimwona katili. Hawakujua kwamba mdogo wake, Venant, alizama katika maji hayo hayo angali mtoto, na kwamba tangu siku ile Cirhuza hakuwahi kuloweka hata kidole cha mguu. Alijiapiza kuwa hakuna mtoto wa darasa lake atakayetolewa majini amebebwa. Hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Basi kiangazi kilipoanza, mistari ikatoweka. Kila mkono laini, unang'aa. Mwalimu akafurahi, akaenda kujigamba kwa mkurugenzi wa shule kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Furaha hiyo ilidumu mpaka mchana mmoja alipofunga madirisha kwa sababu ya vumbi, na darasa zima likanuka sombe, majani ya muhogo yaliyoungwa mafuta. Akanusa shingo ya huyu, akanusa ya yule. Kola za mashati meupe zilikuwa na rangi ya chungwa. Watoto walikuwa wamejipaka mafuta ya mawese!

"Nani amewafundisha?" akauliza, fimbo mkononi.

Akasimama Colombe, msichana mdogo mwenye ulimi usiojua kukaa ndani. "Ni miye, mwalimu. Mafuta ni ya maman."

"Munaogaka wapi?"

"Mbele tulikuwa tunaoga hapa chini, pale bamama banafuliaka nguo. Sasa tunaendaka kule nyuma ya mawe makubwa."

"Kule kwenye maji marefu? Juu ya nini?" Alitaka sababu.

Colombe alimtazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Juu ya fimbo yako, mwalimu. Bamama banaweza kutusemea kwako. Kule hakuna mutu wa kutuona."

Cirhuza alikaa kwenye kiti chake. Aliiona tena siku ile: baba yao amekataza ziwa kwa mkanda, na Venant hakwenda kuoga na wenzake. Alikwenda peke yake, nyuma ya matete. Nguo zake zilikutwa juu ya jiwe zimekunjwa vizuri, zisilowe, baba asijue. Miaka yote hiyo Cirhuza aliamini kwamba mdogo wake alikufa kwa kutoogopa. Sasa akaelewa kwamba hofu ndiyo iliyompeleka mahali pasipo na wa kumsikia. Watoto walisubiri fimbo, haikuja.

Kesho yake, badala ya mazoezi ya gymnastique, aliwateremsha wote hadi kwa wafua nguo. Wale akina mama wakaangua kicheko kumwona amevua viatu na kukunja suruali.

"Ee mwalimu, leo ziwa ilikuita?" mmoja akamtania.

Cirhuza aliingia polepole, maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, suruali ikalowa yote. Alipapasa kwa unyayo mpaka akahisi mahali ambapo mchanga unakatika. Hapo akasimama, mgongo kwenye maji marefu, uso kwa watoto, akatandaza mikono.

"Hapa njo mupaka," akasema. "Hakuna mwenye atanipita."

Watoto hawakusogea. Midomo ya mwalimu ilikuwa inatetemeka, na maji hayakuwa baridi. Colombe alisogea mpaka maji yakamfika mapajani.

"Mwalimu, uko unaogopa?"

"Ndiyo, mwanangu. Niko naogopa sana. Na ninyi muogope kidogo. Lakini musinifiche tena."

Colombe akageuka akawapungia wenzake, nao wakaingia wote kwa kishindo na makelele, wakamlowesha mwalimu mpaka kichwani.