Benchi la Mbele

Huku kwetu Ayalandi mtu akifa, jamaa zake hukaa benchi la mbele kanisani, na baada ya Misa mji mzima hupita kuwapa mkono: "Pole kwa msiba." Benchi hilo likibaki tupu, ni aibu itakayosemwa miaka.

Mabruda, watawa wa kiume walioendesha shule ya mji wetu, hawakuwa na shida hiyo. Akifa mmoja, wenzake walimkalia benchi hilo. Nilipoanza kuwapikia, shule ilikuwa imejaa wavulana waliokula viazi kama nzige. Kisha vijana wakaacha kuingia utawa, Mabruda wakazikwa mmoja baada ya mwingine nyuma ya kikanisa chao, wanafunzi wakahamishiwa kwa masista. Akabaki Bruda Colman, mwalimu wa hesabu, na mimi Assumpta, kwenye jumba lile la baridi.

Watu walisema, na midomo haina kufuli. Philomena wa duka la mikate aliniuliza mbele ya wateja harusi ni lini. Nikamwambia asubiri, gauni linashonwa. Lakini iliniuma.

Mwaka jana Bruda akaanza kukataa chakula. Nilimkaripia, akasukuma sahani.

"Assumpta, wenzangu wote niliwakalia benchini. Mimi atanikalia nani?"

"Umefundisha nusu ya wilaya, Bruda. Watajaa mpaka nje."

"Watajaa nyuma," akasema.

Nikaondoa sahani.

Alifariki siku ya Mtakatifu Brigita. Kwenye mazishi walijaa kweli, wanaume wenye mvi, aliowapenda na aliowachapa, wote nyuma. Mimi nilikaa karibu na nguzo, mahali pangu pa siku zote. Misa ilipokwisha wakapanga foleni kwa mazoea. Wa kwanza akafika mbele, mkono ameshaunyoosha, hakuna wa kuupokea. Akamtazama padri. Padri akatazama viatu vyake.

Nilijua nikikaa benchi lile nitaitwa mjane wa Bruda mpaka naingia kaburini. Na jamani, yule mtu hakuwahi hata kunishika mkono! Lakini alikuwa amelala pale jenezani peke yake. Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikainuka. Viatu vyangu vililia njia nzima, na mtu akacheka chini kwa chini. Nikaketi.

Foleni ikasogea. Wale wavulana wangu, wazee sasa, wakanipa mkono, pole Assumpta, pole Assumpta. Niliwaitikia kwa niaba ya Mabruda, macho makavu, kama ninavyopokea maziwa mlangoni.

Mwisho kabisa akaja Philomena. Nikajikaza kungoja kijembe. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, asiuachie.

"Pole, Assumpta," akasema polepole. "Huu msiba ni wako."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya mji mzima, na sikulia kwa niaba ya mtu.