Kendi Auza Theluji

Nafasi ilikuwa moja tu: miezi mitano ya kazi hotelini Valbrun, mji wa Ulaya ulio juu kwenye milima ya Alpi, ambako watu wazima hufunga mbao miguuni na kuteleza juu ya theluji kwa raha zao. Wanafunzi wa utalii walioitaka, katika chuo kimoja cha Nchiru, walikuwa kumi na mmoja. Kendi, binti wa wakulima wa viazi kule Kiirua, alijihesabu wa kwanza na wala hakuona haya.

Mtihani ulikuwa kumvutia Madam Gladwell, mwalimu wao kutoka Embu, atamani kwenda huko. Madam alikuwa amekwisha kusikiliza kumi wakiimba yale yale, hoteli za kifahari na waigizaji wa sinema, na sasa alipiga miayo waziwazi.

Kendi alibandika ukutani picha moja tu, ya nyumba kuukuu ya mbao ya Valbrun.

"Madam, hapa chini walilala ng'ombe. Watu walilala juu, ndio joto la ng'ombe liwapandie. Cucu, nyanya yangu, alilala na mbuzi ndani ya nyumba kwa sababu hiyo hiyo. Hawa walikuwa wakulima kama sisi, na theluji waliichukia."

"Kijitabu cha hoteli kinasema waliipenda."

"Kimeandikwa na mtu hajawahi kulima. Shamba likifunikwa nusu mwaka, nani atapenda? Walikula viazi na jibini mpaka wakachoka. Halafu mama mmoja wa nyumba ya wageni akaambia wageni wake wa kiangazi, rudini wakati wa baridi muone jua likiwaka juu ya theluji. Wakarudi. Mpaka leo wanarudi, na wanapewa viazi na jibini vile vile."

Madam alicheka, jambo ambalo darasa halikulizoea. "Na wewe theluji umeiona wapi?"

"Nyumbani, iko juu ya mlima tunaouona kutoka shambani. Baridi inashuka inaunguza viazi vyetu, na hakuna mgeni amewahi kulala Kiirua kwa sababu yake." Jambo hilo lilimuuma kweli. "Nataka nione vile walifanya, halafu nirudi."

"Pasipoti unayo?"

"Niliichukua wiki jana."

"Kabla ya mtihani?"

"Kwetu tunapanda kabla mvua ianze, madam."

Madam Gladwell aliandika jina moja, akalipigia mstari.

"Basi ubebe sweta," alisema. "Na urudi."