Pasi ya Kwenda Juu

Asubuhi hiyo Igoki alikuwa kwenye foleni ya lango la kijiji cha Dharura, walimofungiwa na wakoloni, juu kidogo ya Embu, karai kichwani, akingoja kuhesabiwa kabla ya kwenda kuchimba handaki, miguu yake ilipoacha ardhi. Wanawake walio nyuma wakasogea mbele, maana nafasi ilikuwa imepatikana.

Lililomwinua ni rovu lake, lile la miaka mingi shingoni. Lilikuwa limekuwa jepesi kama povu la sabuni.

Chanzo cha rovu kilijulikana. Ngari, dresa wa zahanati, alikuwa amempapasa shingo, akamnywesha maji na kutazama uvimbe ukipanda na kushuka.

"Mvua imeosha iodini kwa udongo wetu wa mlima," alisema. "Tezi inafura ikiitafuta. Yako imekomaa, hiyo ni ya kisu. Lakini ya mtoto bado ni changa. Mpatie chumvi ya duka, ile iko na iodini, itarudi."

Mtoto ni Ednah, bintiye wa pekee, ambaye shingo yake nayo ilikuwa imeanza kufura. Na chumvi yote ya duka ilikuwa imefungiwa kwa chifu, ati isije ikawafikia wapiganaji wa msituni. Igoki alikuwa ameomba hata kijiko kimoja, akaambulia matusi.

"Mama Ednah!" Njoka, homugadi aliyelinda lango, alimwita. "Pasi yako ni ya lango. Uko na pasi ya kwenda juu?"

"Sina, Njoka. Nitaomba nikishuka."

Alielea juu ya vijiti vya handaki vilivyochongwa ncha, gauni likipepea, kicheko kikimtoka asiweze kukizuia. Raha tupu! Tangu Dharura ianze hakuwa amecheka hivyo. Akapeperuka hadi juu ya boma la chifu, na hapo akaona magunia yamepasuliwa, chumvi imejaa horini, na ng'ombe wanaramba, shingo zao laini kabisa.

"Chumvi wanakula ng'ombe!" alipaza sauti.

"Ndiyo," Njoka akajibu. "Hao ni wa chifu."

Walimvuta chini kwa mti mrefu. Chifu hakukasirika, alimwandikia pasi ya kwenda juu, ya asubuhi tu, mradi afungwe kamba kiunoni ahesabike. Hori likaendelea kujazwa. Ednah ndiye aliyepewa kazi ya kushika kamba ya mamake.

Asubuhi moja foleni ilisikia mtoto akicheka.

"Mama, hata mimi!"

Igoki alitazama chini. Visigino vya Ednah vilikuwa vimeacha ardhi.

Njoka akaenda kutafuta kamba nyingine.