Gari la Hilaria Lililokataa Rangi

Kornel alipoondoka Uru kwenda kuchimba mawe ya thamani Mererani, alimwacha mkewe Hilaria uani pamoja na Datsun iliyokufa injini. Watu wa kilabu cha mbege walimuuliza kwa nini asiliuze lile gari kwanza. Akacheka mpaka povu la mbege likamwagika kifuani. "Chuma chakavu na mwanamke chakavu," akasema, "nani atanunua?" Maneno yale yalipanda mlima haraka kuliko yeye alivyoushuka, na jioni ile ile Hilaria alikuwa ameshayapata, yote, bila hata neno moja kupotea njiani.

Hakulia. Alifunika gari kwa turubai, akalisukumia bandani pembeni ya ng'ombe, akaanza kusubiri. Wapo wanaosubiri kwa kusali. Hilaria alisubiri kwa hasira, na hasira yake aliilisha vizuri kila siku kama alivyomlisha yule ng'ombe.

Miaka ikapita, Kornel akapata mawe. Akahamia Arusha na mwanamke mwingine, akajenga nyumba ya vigae huku Uru, juu kidogo ya kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, cha mama yake, akatangaza kwamba Jumapili ya kabla ya Krismasi paroko atakuja kuibariki na ng'ombe atachinjwa. Wageni wangetoka Arusha, Moshi mjini, mpaka Dar. Hilaria hakualikwa. Hapo ndipo aliposema moyoni: nitakwenda, na nitakwenda na chuma chakavu chenyewe, kimeng'aa mpaka kila mtu ajione sura. Siku hiyo Kornel atayala maneno yake mbele za watu.

Injini ilikuwa imeshafufuliwa kwa fedha za ndizi na maziwa, na kuendesha alikuwa amejifunza kwenye uwanja wa shule. Ilibaki rangi. Mdogo wake Denis alikuwa fundi rangi wa magari Majengo, Moshi mjini. Alimletea kompresa na madebe, akamwonyesha namna ya kushika bunduki ya kupulizia, kisha akashuka mjini kwenye kazi zake. Rangi aliyoichagua Hilaria ilikuwa damu ya mzee.

Alisugua kutu kwa msasa wa maji, na asubuhi iliyofuata akapuliza praima, ile rangi ya chini. Ikakaa vizuri siku mbili, halafu ikaota malengelenge mlango mzima, kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Hilaria alilipasua lengelenge moja kwa ukucha, likatoa maji. Denis alipokuja akatikisa kichwa.

"Umeyafungia maji ndani, dada. Huku kwenu ukungu unalala mpaka saa nne. Chuma unakiona kikavu kumbe kinatoka jasho. Kwangua yote, ulisukume gari juani, na usipulize mpaka bati liwe la moto mkononi."

Akakwangua yote. Safari hii praima ilishika, laini kama ganda la yai. Jumapili majirani waliotoka misa walipita kutazama, na nani angewazuia? Kila mmoja alilipapasa gari, huyu boneti, yule mlango, wakisema pole na hongera kwa pamoja. Kesho yake Hilaria alipuliza rangi, na kabla hajamaliza boneti ilianza kumkataa. Vijishimo vya mviringo vilifumbuka kwenye rangi mbichi, kimoja hapa, vitano pale, na katikati ya kila kimoja praima ilikuwa inachungulia. Denis alipokuja aliviita macho ya samaki.

"Hayo ni mafuta," akasema. "Rangi haikai juu ya mafuta, inakimbia. Nani amelishika?"

Nani hakulishika! Uru yote ilikuwa imetoka kanisani siku ile imejipaka mafuta usoni na mikononi, maana nani anakwenda misani na mikono iliyopauka? Macho yenyewe yalikuwa yamejipanga vidole vitano vitano. Hilaria alicheka kwa uchungu, akakwangua tena, akafuta bati kwa thina na kitambaa kipya, akatundika kanga mlangoni mwa banda na kutangaza kwamba asiyetaka kukatwa mkono asiingie.

Akapuliza praima upya, na hakuonekana mtu aliyeingia. Kesho yake akapuliza rangi. Boneti ikafumbua macho upya, na safari hii hayakuwa ya vidole. Yalikuwa mapana, yametambaa kama yaliyopigwa deki. Hilaria aliinamisha pua kwenye praima ya upande ambao rangi ilikuwa haijafika, akanusa. Samli. Na samli Uru nzima hajipaki mtu mwilini, inapikiwa.

Akakwangua tena, viganja vikatoka malengelenge ya kwake mwenyewe. Akapuliza praima, akaiacha ikauke, kisha alfajiri, badala ya kwenda kukata majani, akajibanza nyuma ya ng'ombe. Mgeni hakuchelewa. Alikuwa mama mkwe wake, bibi Eliza, anayekaa upande wa pili wa migomba, mwanamke ambaye kwa miaka yote ile Hilaria alimchotea maji na kumpelekea maziwa kila asubuhi. Alikuwa na kitambaa na kibakuli. Alipaka taratibu, kwa mviringo, kama anayempaka mtoto mchanga.

"Mama!"

Kibakuli kilianguka. Bibi Eliza alisimama akijifuta mikono kwenye kanga. "Ni mwanangu, Hilaria," akasema. "Uru yote inajua unalipaka rangi kwa siku gani. Unataka kumvua nguo mbele ya paroko na wageni. Mimi nimemzaa. Ningefanyaje?"

Hilaria aliokota kibakuli, akamkabidhi, akaenda kukamua, kisha akakwangua upya. Tangu siku hiyo hakumwamkia. Walikutana mferejini, walikutana kwenye migomba, na Hilaria alipita kimya, macho mbele, kama anapita mti. Mkwe kumnyima mama mkwe shikamoo! Kijiji kilishika mdomo. Bora angempiga, walisema, kipigo kina mwisho. Hilaria alisikia na akafurahi. Ndiyo, alifurahi, tusimsafishe. Alitaka yule mama aumie, na baada ya mama zamu ya mtoto ilikuwa inakuja.

Kornel akafika Alhamisi na gari refu jeupe. Lilipita mbele ya mlango wa bibi Eliza bila kupunguza mwendo, likapanda kwenye nyumba ya vigae. Ijumaa likashuka, likapanda. Jumamosi vivyo hivyo. Siku hiyo ya Jumamosi jua lilitoka mapema, bati likawa la moto, Hilaria akapuliza rangi ya mwisho huku amebana pumzi. Haikufumbuka hata jicho moja. Kulikuwa na chozi dogo la rangi lililochuruzika nyuma ya mlango, akaliacha. Alikaa juu ya debe akalitazama gari mpaka giza lilipoingia.

Jumapili asubuhi, alipokuwa anafunga kiremba, bibi Eliza aliingia uani na jani la sale mkononi, lile linaloota kwenye mipaka ya vihamba. Moyo wa Hilaria ukapasuka kwa hasira. Kila Mchagga anajua maana yake: ukishawekewa sale mbele yako huna la kusema ila kusamehe, hata kama ni damu. Kumbe wamefikia huku! Wamemtuma mama na jani, ili yeye abaki nyumbani na gari lake linalong'aa.

"Hilo la nani?" akauliza, mikono nyuma. "Mwenye kosa ana jina. Mtaje."

Bibi Eliza alipiga magoti kwa taabu, akaweka jani chini. "La kwangu. Nilipaka samli. Ulinilisha, nikakuharibia kazi."

"Na Kornel?"

"Kornel hajanituma." Mama aligeuza uso juu, kwenye vigae. "Siku ya nne hii yuko hapo juu. Hajaja kunisalimu, Hilaria. Hajaja hata kuuliza kama niko hai."

Hilaria aliitoa mikono mgongoni. Kisha akainama, akaliokota jani na kumwinua mama kwa mkono mwingine. "Nimekusamehe. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kavae viatu. Kornel hajaleta jani lolote hapa."

Walipoingia na Datsun kwenye uwanja wa nyumba ya vigae, paroko alikuwa ameshamaliza kunyunyiza maji na wageni walikuwa kwenye viti. Damu ya mzee iliwaka juani mpaka watu wakageuka wote. Kornel, akidhani ni mgeni mkubwa kutoka Moshi, aliacha meza akaja mbio, suti inampepea, akafungua mlango kwa mikono miwili. "Karibu sana, mheshimiwa!" Ndani akamkuta mama yake. Kwenye usukani akamkuta mke wake.

"Mama," akasema. "Shuka, mama. Kiti chako kiko kule mbele."

"Sishuki," akasema bibi Eliza, kwa sauti ya kufika mpaka kwa paroko. "Umepita mlangoni kwangu siku zote hizi hukushuka. Mimi nakaa na aliyenilisha. Nyama ya mama iletwe huku."

Hakuna mgeni angetia mkono kwenye nyama kabla mama mwenye mwana hajapewa yake, na hilo hata wa Dar walilijua. Kornel akaenda akarudi na sahani. Mama aliitazama, hakuipokea.

"Na ya Hilaria?"

Akaenda tena, wageni wakimtazama, mwanamke wa Arusha ameinamia soda yake. Aliporudi alizunguka upande wa usukani, akasimama na sahani, akisubiri kioo kishushwe. Hilaria alikishusha taratibu. Hakuwa na njaa hata kidogo, lakini alikula yote, na Kornel akasimama pale pale akisubiri sahani.