Zamu Yako, Fundi

Kazi yangu ni kuangalia mashine za kompyuta zisizimike. Nakaa ghorofa ya chini ya hospitali, kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mlango ulioandikwa "Usiingie", na kila siku watu wanaingia kuniuliza kama nina chaja ya ziada. Nina skrini mbili mezani. Moja ni ya barua na vikao. Ya pili ni nyeusi, ina maandishi meupe basi, na humo ndimo ninamoshinda kutwa. Naandika neno moja fupi, top, nagonga kitufe, na mashine inanieleza yote: nani anatumia prosesa, yaani ubongo wake, asilimia ngapi, tangu lini.

Juu kabisa zinatokea namba tatu. Ya kwanza inasema mashine ilibeba mzigo gani kwa dakika moja iliyopita, ya pili kwa dakika tano, ya tatu kwa dakika kumi na tano. Watu wanasoma ya kwanza tu halafu wanaondoka, na mimi tabia hiyo inanichefua. Nimewafokea wenzangu mpaka wamenibandika jina la Bi Tatu. "Someni zote! Ya kwanza ikipanda peke yake, kitu kimeanza sasa hivi. Zikilingana zote tatu na mzigo upo, basi kuna kitu kimekwama na hakuna mtu anayekigusa." Huu ni mwaka wa sita nawaimbia wimbo huo huo.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani sikujua. Nilijua.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Macho yalipomchoka akafunga kibanda, akabaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, umbali wa saa tano kwa basi kutoka kwangu. Mama alikuwa ameshatutangulia. Kaka yangu, fundi bomba, anakaa mtaa wa pili kutoka kwa Baba, lakini kazi zake hazina saa. Basi nikampelekea Baba kompyuta yangu ya zamani, nikamwekea mchezo wa drafti. Maneno yote ya mchezo nikayabadilisha mwenyewe yawe Kiswahili. Ikifika zamu yake ya kusogeza kete, chini ya ubao panatokea: "Zamu yako, Fundi." Siku ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani.

Nikajiwekea na njia ya kuingia kwenye mashine hiyo kutoka kazini, ikimletea ukorofi niitengeneze. Sikuwa na nia ya kumchungulia. Ila asubuhi moja niliingia nikakuta prosesa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Anasogeza kete, mashine inafikiri, inatulia, inamngoja. Nilikuwa nikimwona baba yangu anavyofikiri! Akiharakisha najua ana hasira. Akichelewa najua amebanwa. Ikawa kila siku saa tatu, kabla sijafungua barua hata moja, nakwenda kumwangalia kwanza.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwake, alinipokea kwa malalamiko. "Mama," maana mimi nimerithi jina la mama yake, "hii mashine yako mbumbumbu. Naifunga kila siku. Hata raha sina."

"Subiri nikuonyeshe kazi," nikamwambia. Nikaipandisha daraja la juu kabisa, na nikawasha kitu ambacho sikuwahi kukiwasha: mashine isitulie hata kwenye zamu ya Baba, iwe inafikiri wakati wote anapofikiri yeye. "Sasa utaisoma namba, mzee."

Akacheza michezo miwili, akafungwa yote miwili, akafurahi kama nini.

Tungeachana pale pale ningekuwa na raha leo. Lakini nilipokuwa navaa viatu nikamwambia tena ahamie kwangu. Akasema hahami. Nikamwambia kizunguzungu kinachomshika siku hizi kitamwangusha siku moja na hakuna wa kumwokota. Akasema yeye si mtoto, na simu zangu za kila siku, umekula nini, umelala saa ngapi, zimemchosha. Nami mdomo wangu huu nikaufungua.

"Haya! Kaa na kompyuta yako. Siku ukianguka itakuokota."

Alishika mlango mpaka nikatoka, akaurudisha taratibu.

Basi tukanuniana. Siku ya kwanza sikupiga simu, ya pili sikupiga. Kaka akanisihi. Nikamwambia, "Zamu yake. Yeye ndiye aliyesema nimemchosha." Kaka akasema nyie wawili vichwa vyenu vimechongwa kwenye gogo moja. Zikapita wiki mbili. Ila kila saa tatu nilikuwa kwenye skrini nyeusi, na kila saa tatu drafti ilikuwa inapanda juu, asilimia tisini na tisa. Mchezo ukiisha inashuka, anapumzika, anaanza mwingine. Nikawa najiambia: huyo hapo, mzima, ana kiburi kama kawaida. Nilikuwa namkomesha na huku namwangalia. Aibu gani hiyo, jamani.

Jumanne saa tatu ikapanda. Tisini na tisa. Saa sita nikachungulia, tisini na tisa. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza nacheka nini.

"Mzee wangu leo amekutana na kisiki. Mchezo mmoja toka asubuhi!"

"Hajala?"

"Huyo? Akibanwa hata maji hanywi."

Namba tatu zilikuwa pale juu. Moja, moja, moja. Zilikuwa mbele ya macho yangu, kubwa, nyeupe, na mimi nilikuwa nasoma asilimia peke yake.

Saa kumi jioni Kaka akapiga simu. "Baba hapokei. Nimempigia mara tatu. Nilitaka nipite, ila nina bomba limepasuka huku, maji yamejaa jiko la watu."

"Usihangaike," nikamwambia. "Namwona hapa. Anacheza drafti. Ukienda kumkatiza sasa hivi atakununia na wewe."

"Una hakika?"

"Kaka! Namwona."

"Haya, kama unamwona." Akarudi kwenye bomba lake.

Jumatano saa tatu nikaketi, nikaandika top. Tisini na tisa. Nikasema, ala, leo amewahi. Kisha jicho likateleza pembeni, kwenye safu ya muda, inayoonyesha programu imefanya kazi dakika ngapi tangu ilipowashwa. Dakika elfu moja mia nne na kitu. Mchana na usiku, bila kupumzika hata mara moja. Nikapandisha macho. Moja, moja, moja.

Nikapiga simu ya Baba, ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia jirani yake, mama mshonaji, mwenye ufunguo wa akiba. Akaniambia usikate, mwanangu. Nikasikia kandambili zake uani, nikasikia ufunguo, nikamsikia anabisha hodi ilhali mlango ameshaufungua. Kisha nikasikia sauti yake, na hakuhitaji kunieleza.

Alikuwa sakafuni kando ya kiti. Simu ilikuwa chumbani, kwenye chaji. Nilimwomba daktari anieleze ukweli wote, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hospitali hakunificha. Alianguka Jumanne asubuhi. Alikata roho Jumatano karibu na alfajiri.

Kwa hiyo saa sita, nilipokuwa nacheka, alikuwa hai. Saa kumi, Kaka alipouliza una hakika, alikuwa hai. Ile tisini na tisa haikuwa Baba. Ilikuwa mashine, inafikiri kwenye zamu ya Baba kama nilivyoiamuru, inamngoja asogeze kete.

Siku ya mazishi mama mshonaji alinivuta pembeni. Alidhani ananifariji.

"Jumanne alikuja kuomba maji ya moto. Alikuwa na kichwa kizito. Nikamwambia mpigie binti yako. Akasema, hapana, ngoja nikamwashie mashine, ataona nimeamka."

"Alijua kama namwangalia?"

"Hee! Si kuna kile kisanduku cha intaneti chenye taa? Alisema ikifika saa tatu taa ndogo ya chini inaanza kupepesa. Hapo ndipo anaponiambia, huyo, amekuja. Siku nyingine hakutaka hata kucheza, macho yanamuuma. Aliwasha tu kwa ajili yako."

Nikamshukuru. Sijui nilimshukuruje.

Watu walipopungua niliingia chumba cha mbele. Hakuna aliyekuwa amezima kompyuta, waliogopa kuharibu. Ubao ulikuwa vile vile. Mimi drafti siijui sana, lakini hata mimi niliona kete yake ya pembeni ingeweza kula mbili kwa mpigo. Na chini: "Zamu yako, Fundi."

Haikuwa yake. Ilikuwa yangu, tangu siku ile mlangoni.

Kaka akaingia, akasimama nyuma yangu. Tulikuwa hatujaongea vizuri siku tatu hizo. Nikangoja aseme. Nilitaka aseme, nilitaka anipige hata kofi.

"Ulisema unamwona," akasema.

"Nilisema."

Nikafungua skrini nyeusi ya maandishi kwenye kompyuta yake. Sikuthubutu kugusa ubao. Niliandika namba ya ile programu na amri ya kuiua, nikagonga kitufe, drafti ikatoweka, na feni ya kompyuta iliyokuwa inavuma tangu Jumanne ikanyamaza. Nikaandika top. Namba ya kwanza ilikuwa imeshaanza kushuka. Hiyo husahau upesi.

"Twende nje, watu wanaaga," Kaka akasema.

"Tangulia."

"Unangoja nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. "Hii ya tatu. Inachelewa kushuka. Niache niiangalie mpaka mwisho."

Nilidhani atanikemea. Akatazama kiti cha Baba, hakukikalia. Akaketi sakafuni, kando yake, pale pale walipomkuta. Ya pili ikashuka. Ya tatu ikakaa, ikajivuta, ikakaa. Ilichukua zaidi ya saa nzima kufika sifuri, na Kaka hakuinuka.